Wasafiri Kizuizini Ugenini: Tuhuma, Sheria na Njia ya Muscat

Mtu anapokamatwa katika nchi isiyo yake na kuambiwa kuwa ni jasusi, ilhali yeye mwenyewe anasisitiza kwamba alikuwa mtembezi tu, ni nani mwenye uwezo wa kumtetea? Je, ni wakili wake, ni balozi wa nchi yake, ni mahakama za kimataifa, au ni rafiki wa serikali mbili zinazozozana?

Swali hili linawagusa kwa karibu wale wanaoishi mbali na walikozaliwa, wakiwamo wazungumzaji wa Kiswahili walioko Muscat, Dubai, London na kwingineko, ambao wengi wao husafiri wakiwa na pasipoti ya nchi moja na nasaba ya nchi nyingine. Ili kulijibu, tutaanza na kisa cha Wamarekani watatu waliokamatwa kwenye mpaka wa Iraq na Iran mwaka 2009. Tumekichagua kisa hiki kwa sababu mwanzo na mwisho wake vinajulikana, na kwa sababu mlango waliotokea wafungwa wale ulikuwa mji mkuu wa Oman.

Matembezi ya Ahmed Awa

Shane Bauer, mwandishi wa habari, na Sarah Shourd, mwalimu wa Kiingereza, walikuwa wakiishi Damascus, Syria. Katika msimu wa joto wa mwaka 2009 walitembelewa na rafiki yao Josh Fattal, nao wakaamua kwenda kupumzika katika milima ya Kurdistan ya Iraq. Eneo hilo lilikuwa tulivu kuliko sehemu nyingine za Iraq, na wageni wa kutoka nchi za Magharibi walikuwa wakilizuru. Mwenzao wa nne aliugua akabaki mjini Sulaymaniyah. Hao watatu wakaelekea kwenye maporomoko ya maji ya Ahmed Awa, na tarehe 31 Julai 2009, walipokuwa wakipanda njia iliyo juu ya maporomoko hayo, wakatiwa mbaroni na walinzi wa mpaka wa Iran.

Hapo ndipo ulipozuka ubishi wa kwanza: je, walikuwa upande gani wa mpaka? Serikali ya Iran ilisema kuwa waliingia nchini humo kinyume cha sheria. Wao walisema kwamba mahali hapo hapakuwa na ukuta wala alama yoyote ya kuonesha mpaka, na kwamba iwapo waliuvuka, waliuvuka baada ya askari mwenye silaha kuwaashiria wamfuate. Mnamo Oktoba 2010, nyaraka za kijeshi za Marekani zilizovujishwa kupitia WikiLeaks zilikuwa na ripoti iliyosema kuwa walikamatwa wakiwa upande wa Iraq. Iran haikubadilisha msimamo wake.

Ubishi wa pili ulikuwa mzito zaidi. Kuvuka mpaka bila ya kibali ni kosa ambalo nchi nyingi humalizana nalo kwa faini na kumfukuza mgeni. Lakini haukupita muda mrefu kabla ya maofisa wa Iran kuanza kuzungumzia ujasusi, na tuhuma ya ujasusi ina tabia yake mbaya: ni vigumu mno kwa mshtakiwa kuikanusha. Kamera aliyonayo mtalii yeyote huweza kuitwa chombo cha upelelezi. Ujuzi wa lugha ya Kiarabu, ambao kwa mwanafunzi ni fahari, kwa mtuhumiwa hugeuka kuwa ushahidi. Isitoshe, kesi za aina hiyo husikilizwa faraghani kwa hoja ya usalama wa taifa, hivi kwamba hata jamaa za mshtakiwa hawajui ni ushahidi gani uliotolewa.

Hatuna budi kukumbusha hapa hali ilivyokuwa. Mwezi mmoja na nusu tu kabla ya tukio hilo, Iran ilikuwa imefanya uchaguzi wa rais wa Juni 2009, uliofuatiwa na maandamano makubwa mjini Tehran, na serikali ilikuwa ikizishutumu nchi za Magharibi kwa kuchochea machafuko. Marekani nayo ilikuwa na majeshi yake katika nchi mbili zinazopakana na Iran, yaani Iraq na Afghanistan, na mzozo kuhusu mpango wa nyuklia ulikuwa umepamba moto. Watembezi wale waliangukia katikati ya ugomvi huo. Wahenga walisema, wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi.

Siku 410 za upweke

Wote watatu walipelekwa katika gereza la Evin mjini Tehran. Bauer na Fattal, baada ya kutenganishwa mwanzoni, waliwekwa pamoja katika chumba kimoja. Shourd alibaki peke yake chumbani kwa muda wote wa kifungo chake, siku 410, ila kwa nyakati fupi alizoruhusiwa kuonana na wenzake. Katika mojawapo ya nyakati hizo, mwanzoni mwa mwaka 2010, Bauer alimposa Shourd ndani ya ua wa gereza.

Marekani na Iran hazina uhusiano wa kibalozi tangu Aprili 1980, kufuatia kutekwa kwa ubalozi wa Marekani mjini Tehran mnamo Novemba 1979, ambapo Wamarekani 52 walishikiliwa kwa siku 444. Kwa hiyo hapakuwa na balozi wa Marekani wa kubisha hodi kwenye lango la Evin. Kazi hiyo hufanywa na Uswisi, ambayo tangu mwaka 1980 inasimamia maslahi ya Marekani nchini Iran, kama vile Pakistan inavyosimamia maslahi ya Iran mjini Washington. Hata hivyo, maofisa wa Uswisi hawakuruhusiwa kuwaona wafungwa hao hadi mwishoni mwa Septemba 2009, takriban miezi miwili baada ya kukamatwa kwao. Mnamo Mei 2010, mama zao watatu walipewa viza wakasafiri hadi Tehran, wakawaona watoto wao hotelini, kisha wakarejea makwao bila wao.

Sheria inasema nini?

Wapenzi wasikilizaji, ipo sheria ya kimataifa inayohusu jambo hili, nayo ni Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu kazi za balozi ndogo. Iran, Marekani, Uingereza, Oman, Kenya na Tanzania zote ni wanachama wa mkataba huo. Ibara yake ya 36 ina mambo makuu matatu.

Kwanza, mgeni anapokamatwa, wakuu wa nchi aliyomo wanapaswa kumwarifu bila ya kuchelewa kwamba ana haki ya kutaka ubalozi wa nchi yake ujulishwe. Pili, akitaka hivyo, ubalozi huo unapaswa kujulishwa, na barua anayouandikia inapaswa kufikishwa. Tatu, maofisa wa ubalozi wana haki ya kumtembelea gerezani, kuzungumza naye na kumtafutia wakili.

Ni muhimu vilevile kufahamu yale ambayo ibara hiyo haisemi. Haisemi kuwa ubalozi unaweza kumtoa mtu gerezani. Haisemi kuwa mgeni hashtakiwi kwa sheria za nchi aliyoiingia. Haitaji saa wala siku mahsusi. Inasema tu bila ya kuchelewa, na katika pengo hilo la maneno serikali nyingi zimepata nafasi ya kujipitishia wiki na miezi. Wala haimpi mfungwa ufunguo wowote pale serikali mwenyeji inapoamua kuipuuza.

Si Iran pekee iliyowahi kulaumiwa kwa kuipuuza ibara hiyo. Mwaka 1999 jimbo la Arizona nchini Marekani liliwanyonga ndugu wawili raia wa Ujerumani, Karl na Walter LaGrand, ambao hawakujulishwa haki yao hiyo walipokamatwa. Yaani waliuawa kwa hukumu ya kifo, mmoja kwa sindano na mwingine kwa gesi. Ujerumani ilifungua kesi, na mnamo Juni 2001 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague iliamua kwamba Marekani ilivunja Mkataba wa Vienna. Mwezi Machi 2004 mahakama hiyo hiyo ilitoa uamuzi kama huo kuhusu makumi ya raia wa Mexico waliohukumiwa kifo katika magereza ya Marekani. Mwaka uliofuata, Marekani ikajitoa kwenye itifaki iliyokuwa ikiipa mahakama hiyo mamlaka ya kusikiliza mashauri ya namna hiyo. Serikali inayodai haki hiyo kwa ajili ya raia wake ilhali yenyewe haiwatimizii raia wa wengine huudhoofisha mkono wake yenyewe. Bauer na Fattal walieleza baada ya kuachiliwa kwamba walipolalamikia hali ya gerezani, walinzi waliwakumbusha yanayotendeka Guantanamo. Bauer alisema kwamba matendo ya Marekani hayahalalishi waliyotendewa wao. Lakini jibu lile la walinzi lilionesha jinsi kosa la mmoja linavyogeuzwa kuwa kisingizio cha mwingine.

Kwa nini Oman?

Tarehe 14 Septemba 2010 Sarah Shourd aliachiliwa kwa dhamana ya dola 500,000, kwa sababu za kiafya. Ndege iliyomchukua haikuelekea Ulaya wala Marekani. Ilitua Muscat. Serikali ya Marekani ilisema haikulipa fedha hizo, na Oman ndiyo iliyoshughulikia suala la dhamana.

Waliobaki walifikishwa mbele ya Mahakama ya Mapinduzi mnamo Februari 2011, katika kikao kilichofanyika faraghani. Tarehe 20 Agosti 2011 ikatangazwa kwamba kila mmoja amehukumiwa miaka 8: miaka 3 kwa kuingia nchini bila ya kibali na miaka 5 kwa ujasusi. Wengi walidhani mlango umefungwa. Kumbe katika kesi za namna hii, hukumu kali huweza kuwa hatua ya mwisho kabla ya msamaha.

Katikati ya Septemba 2011 Rais Mahmoud Ahmadinejad, akiwa karibu kwenda New York kuhudhuria Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, alitangaza kwamba wafungwa hao wangeachiliwa baada ya siku chache. Siku iliyofuata idara ya mahakama ikamjibu hadharani kwamba uamuzi huo ni wake na si wa rais. Kisha wakili wao akalazimika kusubiri sahihi ya jaji wa pili, aliyekuwa likizoni. Mvutano huo unatufunza jambo moja muhimu: serikali inayomshikilia mgeni aghalabu si mtu mmoja mwenye nia moja. Yumo anayetaka kumwachia ili apate sifa nje, na yumo anayetaka kumzuia ili mwenzake asizipate. Hatimaye, tarehe 21 Septemba 2011, baada ya zaidi ya siku 780, Bauer na Fattal walitoka Evin kwa dhamana ya dola 500,000 kila mmoja. Jioni hiyo walitua Muscat, ambako jamaa zao pamoja na Shourd walikuwa wakiwasubiri.

Mtu aliyekuwa akienda na kurudi kati ya pande hizo mbili alikuwa Salem al-Ismaily, mjumbe wa Sultani Qaboos bin Said. Kwa nini Oman iliweza lile ambalo mataifa makubwa yalishindwa? Sababu ni za kihistoria na za kijiografia. Oman na Iran zinatazamana kwenye Mlango wa Bahari wa Hormuz, na jirani hahami. Katika miaka ya 1970 majeshi ya Iran, wakati wa utawala wa Shah, yalimsaidia Sultani Qaboos katika vita vya Dhofar, na baada ya mapinduzi ya mwaka 1979 Muscat haikukata uhusiano na watawala wapya wa Tehran. Wakati huohuo, tangu mwaka 1980 Oman ina makubaliano yanayoyaruhusu majeshi ya Marekani kutumia baadhi ya vituo vyake. Hivyo Oman ilikuwa na masikio ya pande zote mbili. Haikuwa na haja ya kumshinda yeyote, na ilijua kunyamaza.

Kazi hiyo haikuwa ya upande mmoja. Mnamo Aprili 2013 mwanasayansi wa Iran, Mojtaba Atarodi, aliyekuwa amekamatwa Los Angeles mwaka 2011, naye alirejea kwao kwa kupitia Muscat. Na imani iliyojengwa kwa kuwaachia wafungwa ilitumika katika jambo kubwa zaidi, kwani ni Oman ndiko maofisa wa Marekani na Iran walikokutana kwa siri mwaka 2012 na 2013, mazungumzo yaliyofungua njia ya makubaliano ya nyuklia ya mwaka 2015. Sultani Qaboos alifariki dunia mnamo Januari 2020, lakini njia hiyo haikufungwa kwa kifo chake.

Wenye pasipoti mbili

Watembezi wale watatu walikuwa na kitu kimoja kilichowasaidia, ingawa huenda hawakukihisi walipokuwa gerezani: hapakuwa na shaka kwamba wao ni wageni. Ilivyo, msafiri aliye hatarini zaidi ni yule ambaye nchi inayomkamata inamhesabu kuwa ni raia wake.

Nazanin Zaghari-Ratcliffe, raia wa Uingereza na Iran, alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Tehran tarehe 3 Aprili 2016, alipokuwa akirudi London na binti yake ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili. Yeye alisema alikwenda kuwaona wazazi wake. Wakuu wa Iran walimshutumu kwa kushiriki katika njama za kuiangusha serikali, akahukumiwa kifungo cha miaka 5. Iran haitambui uraia pacha. Kwa macho ya Tehran, yeye hakuwa mgeni, na kwa hiyo ubalozi wa Uingereza haukuwa na la kuuliza.

Msimamo huo una mizizi katika sheria za zamani. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1930 kuhusu uraia, katika ibara yake ya 4, unasema kwamba nchi haiwezi kumpa raia wake hifadhi ya kidiplomasia dhidi ya nchi nyingine ambayo yeye pia ni raia wake. Wanasheria wengi wa zama hizi wanaona kwamba kanuni hiyo imelegea, na kwamba kinachopaswa kutazamwa ni uraia upi wa mtu wenye nguvu zaidi katika maisha yake halisi. Hata hivyo, si kila serikali inayokubaliana nao, na mlinzi wa gereza hasomi maandishi ya wanasheria.

Zaghari-Ratcliffe aliachiliwa tarehe 16 Machi 2022, pamoja na Anoosheh Ashoori, naye akiwa mwenye uraia wa nchi zote mbili. Siku hiyo Uingereza ilitangaza kuwa imeilipa Iran pauni milioni 393.8, deni la tangu miaka ya 1970, Shah alipolipia vifaru ambavyo vingi havikupelekwa baada ya mapinduzi. Iran ilikanusha kuwa malipo na kuachiliwa vilikuwa jambo moja, na Uingereza nayo ilisema mambo hayo mawili yalikwenda sambamba. Na ndege iliyowabeba, wapenzi wasikilizaji, ilitua wapi kwanza? Muscat.

Kisa hicho kina funzo kuhusu ulimi pia. Mnamo Novemba 2017 Boris Johnson, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alisema bungeni kwamba mama huyo alikuwa akiwafundisha watu uandishi wa habari nchini Iran. Halikuwa kweli, na baadaye aliomba radhi. Lakini siku chache tu baada ya kauli hiyo, mfungwa aliitwa mahakamani na maneno yale yakatajwa dhidi yake. Waziri alikosea akiwa London, na aliyeulizwa ni mtu aliyeko Evin.

Wasikilizaji wetu wa asili ya Afrika Mashariki wanapaswa kulitafakari jambo hili kwa utulivu. Kenya imeruhusu uraia pacha tangu Katiba ya mwaka 2010. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima: Mtanzania anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake hupoteza ule wa kwanza. Oman nayo hairuhusu raia wake kushika uraia mwingine pasipo idhini. Maana yake ni kwamba watoto wawili wa nyumba moja, mmoja akiwa na pasipoti ya Kenya na ya Uingereza, na mwingine akiwa na ya Uingereza tu, hawana hifadhi sawa wanaposafiri pamoja. Wa kwanza, akikamatwa Nairobi, huweza kuambiwa kwamba yuko kwao, na ubalozi wa Uingereza huweza kushindwa kumfikia. Wa pili ni mgeni kisheria, hata kama bibi yake amezikwa katika mji huohuo.

Je, ni mateka?

Baadhi ya serikali za Magharibi zimekuwa zikisema kwamba watu wa namna hii si wafungwa bali ni mateka, wanaoshikiliwa ili wabadilishwe na fedha, na wafungwa wengine, au na makubaliano ya kisiasa. Mnamo Februari 2021 Canada ilizindua azimio la kupinga uzuiaji wa watu kwa malengo ya kisiasa kati ya nchi na nchi, likaungwa mkono na zaidi ya nchi 50. Canada ilikuwa na uchungu wake: tarehe 10 Desemba 2018 China iliwakamata raia wake wawili, Michael Kovrig na Michael Spavor, siku chache baada ya Canada kumkamata mjini Vancouver mkuu wa fedha wa kampuni ya Huawei, Meng Wanzhou, kwa ombi la Marekani. China ilisema kesi hizo hazihusiani. Wote watatu walianza safari ya kurejea kwao siku moja, tarehe 24 Septemba 2021.

Kwa upande wake, Marekani ilipitisha mnamo Desemba 2020 sheria iliyopewa jina la Robert Levinson, Mmarekani aliyetoweka katika kisiwa cha Kish nchini Iran mwaka 2007. Sheria hiyo inamtaka waziri wa mambo ya nje apime kesi ya kila raia aliyefungwa nje: je, kuna ushahidi wa kuaminika kwamba hana hatia? Je, anashikiliwa kwa sababu tu ni Mmarekani? Je, mahakama iliyomhukumu ni huru? Akionekana kuzuiliwa isivyo haki, shauri lake huhamishwa kutoka kwa maofisa wa kawaida wa ubalozi na kukabidhiwa mjumbe maalumu anayeruhusiwa kufanya mapatano.

Lakini mambo si meupe na meusi kila mara. Mcheza mpira wa kikapu Brittney Griner, aliyekamatwa karibu na Moscow mnamo Februari 2022, alikiri kwamba alikuwa na mafuta ya bangi katika mizigo yake, ingawa alisema hakukusudia kuvunja sheria. Ubishi katika kesi yake haukuwa juu ya kitendo bali juu ya adhabu, yaani miaka 9 jela, na juu ya wakati, kwa kuwa vita vya Ukraine vilianza siku chache baada ya kukamatwa kwake. Alibadilishwa tarehe 8 Desemba 2022, katika uwanja wa ndege wa Abu Dhabi, na Viktor Bout, mfanyabiashara wa silaha aliyekuwa akitumikia kifungo cha miaka 25 nchini Marekani.

Hapa pana mtihani ambao hakuna serikali iliyoupatia jawabu. Ukikataa kubadilishana, raia wako anaoza gerezani. Ukikubali, unamwambia mtekaji kwamba bidhaa yake ina soko. Jamaa wa mfungwa hawawezi kulaumiwa kwa kutaka mtu wao arudi leo, na msafiri wa kesho, ambaye bado hajakamatwa, hana wa kumsemea katika mazungumzo hayo.

Nini cha kufanya?

Msafiri wa kawaida hawezi kuzuia ugomvi wa serikali, lakini yapo machache yaliyo mikononi mwake. Kabla ya safari, na ajue kwa hakika nchi anayokwenda inamhesabu kuwa raia wa wapi, na aingie na kutoka kwa pasipoti ileile. Amwachie ndugu nakala ya pasipoti na ratiba ya safari. Akikamatwa, na atamke tangu saa ya kwanza, kwa maneno ya wazi, kwamba anataka ubalozi wake ujulishwe, kwa sababu chini ya ibara ya 36 wajibu wa kuujulisha huanza pale anapotaka. Asitie sahihi karatasi iliyoandikwa kwa lugha asiyoielewa. Naye aliye raia wa nchi isiyo na ubalozi mahali hapo, na aulize mapema ni nchi gani inayoiwakilisha.

Jamaa zake nao watakabiliwa na uamuzi mgumu, yaani wapige kelele au wanyamaze. Familia za watembezi wale watatu zilipiga kelele kwa miaka miwili, huku mjumbe wa Oman akifanya kazi yake kimyakimya. Huenda yote mawili yalihitajika, kwani kelele zilizuia wafungwa wasisahauliwe, na ukimya ukaipa Tehran nafasi ya kuwaachia bila ya kuonekana imeshindwa.

Lipo jambo moja ambalo njia ya Muscat haikulitatua wala haiwezi kulitatua. Mpatanishi humtoa mtu, hamsafishi jina. Kwa mujibu wa mahakama ya Tehran, Bauer na Fattal walitoka wakiwa majasusi waliohukumiwa, huku wao wakishikilia kwamba hawakuwa na kosa. Sheria ilikuwepo tangu siku ya kwanza, lakini aliyefungua mlango ni jirani aliyeaminiwa na pande zote mbili. Kwa yule aliye ndani ya chumba cha gereza, hilo ni rehema. Kwa sisi tulio nje, ni ukumbusho kwamba ibara ya 36 itakuwa na uzito ule tu ambao kila serikali, kubwa na ndogo, itaupa pale mgeni atakapokuwa mikononi mwake yenyewe.